Sakafu ya Godauni la Ngendui

Mafundi walikuwa wameziacha nyundo zao ndani na kwenda kukaa kwenye jukwaa la abiria, wameupa mgongo mlango wa godauni. Walikuwa wameajiriwa kuvunja sakafu ya zamani ya stesheni ya Ngendui ili wakulima wapate mahali pakavu pa kupimia majani chai yao. Chini ya sakafu hiyo walikuta mguu wa mtu, ungali ndani ya buti. Ilikuwa Agosti 1996, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekalia reli.

Inspekta Jerusa Atuti wa CID Kericho aliwapita bila kusema neno. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na waliofanya kazi naye walijua kwamba hupenda kutazama kwanza, maswali baadaye. Nyuma yake alikuja Koplo Kiplangat, mtu wa pande hizi hizi, aliyekuwa karibu kustaafu. Chifu Johana alikuwa ameshasimama kando ya shimo, kofia mkononi.

"Madam, mimi naona hii jambo iko wazi," chifu alisema. "Hii ni mambo ya tisini na mbili. Wakati ule wa vita vya makabila watu walipotea, kila upande. Wengine walikimbilia hapa hapa stesheni. Tuandike hivyo, tuzike, watu wapumue."

Jerusa alichutama. Alichukua kipande cha simiti kilichovunjwa, akakigeuza, akapapasa ukingo wake kwa kidole.

"Hii sakafu ilikuwa na kiraka mahali popote? Mahali palipokuwa pamevunjwa na kuzibwa tena?"

Chifu alimwita mmoja wa mafundi. Fundi alisimama mlangoni, akakataa kuvuka kizingiti.

"Hapana, madam. Ilikuwa kitu moja tu, ngumu. Tumeichapa mpaka mikono imetoka malengelenge."

"Basi huyu aliwekwa hapa kabla simiti haijamwagwa," Jerusa alisema. "Koplo, hebu angalia kwenye kona. Mafundi wa zamani walipenda kuacha alama."

Kiplangat alipiga magoti, akafagia vumbi kwa kiganja, kona baada ya kona. Kwenye ile iliyo karibu na mizani ya mizigo mkono wake ulisita. Mtu alikuwa ameandika kwa kijiti wakati simiti ingali mbichi: Novemba 1979.

"Wakati wa vita, chifu, huyu alikuwa amelala hapa miaka mingi," Jerusa alisema.

Chifu aliivaa kofia yake, kisha akaivua tena.

Daktari aliyetoka Kericho alikuwa amemaliza kuipanga mifupa juu ya turubai. Marehemu alikuwa mwanamume, alisema, si mzee. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekatika, lakini hilo lilikuwa jeraha la zamani lililopona. Kilichomuua kilikuwa kwingine.

"Angalia nyonga. Imepondeka pande zote mbili. Hii si panga, na si rungu. Kitu kizito sana kilimbana mbele na nyuma kwa wakati mmoja."

Jerusa alitoka nje. Kwenye njia ya pembeni ya reli lilikuwa limebaki behewa moja la mizigo, limeota kutu, nyasi zimelimeza magurudumu. Alimwomba Kiplangat asimame mbele yake. Vile vyuma viwili vya mviringo vinavyopokea mshindo mabehewa yanapogusana vilimfikia koplo kiunoni kabisa. Kiplangat alivitazama, akasogea mbali haraka.

Waliporudi ndani, daktari aliwaonyesha kitu cha mwisho. Lilikuwa koti zito la sufu nyeusi, limeliwa na udongo, lakini vifungo vya shaba vilikuwa bado vimeshika. Lilikuwa limekunjwa vizuri.

"Lilikuwa chini ya kichwa chake," daktari alisema.

"Si lake?"

"Yeye alivaa ovaroli. Mabaki yake haya hapa."

Jerusa alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. Muuaji anayeficha maiti hutupa, hufukia, hukimbia. Hatafuti mto. Mtu hukunjiwa koti chini ya kichwa akiwa bado anasikia ugumu wa sakafu.

"Nani alivaa koti la namna hii hapa?" aliuliza.

"Stesheni masta peke yake," chifu alijibu polepole. "Wengine walipewa sweta."

"Na mwaka huo wa sabini na tisa, nani alipotea Ngendui?"

"Hakuna aliyepotea." Chifu alisita. "Kulikuwa na Bethwel tu, yule wa kugeuza njia za treni. Lakini huyo hakupotea, madam. Huyo alitoroka na mwanamke. Kila mtu anajua."

*

Nyumba ya mke wa Bethwel ilikuwa juu ya kilima, na njia ilipita katikati ya mashamba madogo ya chai. Walipokuwa wakipanda, Kiplangat alisimulia habari za stesheni, macho yake yakiwa kwenye paa lake la mabati mekundu kule chini. Wazungu waliijenga kwa ajili ya kitani na ngano yao. Walipoondoka, ikawa ya mikebe ya maziwa, magunia ya mahindi, masanduku ya chai, na watu. Watoto waliopelekwa shule za mbali waliagwa pale. Hata waliorudishwa wakiwa ndani ya majeneza walipokelewa pale. Kisha barabara ya lami ikaja na malori yake, mizigo ikahama, na siku moja stesheni ikafungwa bila sherehe. Treni ya Kisumu ingali inapita, ila haisimami.

"Ilipofungwa, watu walichukua milango, madirisha, hata kengele," koplo alisema. "Godauni likabaki. Huyu mama ndiye amekuwa akifungia ndama wake mle wakati wa mvua."

Jerusa alisimama njiani. "Mle ndani?"

"Ndio, madam. Tangu ifungwe."

Chepkurui alikuwa akichuma chai, kikapu mgongoni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, aliyezeeka usoni kuliko mikononi. Aliwakaribisha, akawapa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, kwenye vikombe vya bati, akakaa akingoja. Bila shaka habari za mifupa zilikuwa zimemfikia, lakini hakuziuliza. Zilikuwa habari za watu wengine.

"Mama, tunauliza watu wote waliokaa karibu na stesheni," Jerusa alisema. "Mzee wako alifanya kazi pale."

"Alifanya. Akaenda."

"Alikuwa na alama yoyote mwilini?"

"Vidole viwili vya huu mkono." Aliinua wa kushoto. "Vilikatwa na cheni ya mabehewa, mwaka ule alinioa. Kwa nini?"

Kiplangat aliinamia kikombe chake. Jerusa hakujibu. Alitaka kuja na habari iliyokamilika, si nusu.

"Nani alikwambia ametoroka?"

"Joab. Stesheni masta. Alikuja asubuhi, mapema, amesimama hapo mlangoni unapoona. Akasema, mama, usimngoje Bethwel, amepanda treni ya jioni na Amondi, yule bibi ya karani wa shamba la chai. Akasema amewakatia tiketi kwa mkono wake mwenyewe." Chepkurui aliyatazama majani kwenye kikapu. "Joab alikuwa mtu mzuri. Alilia hapo. Mtu mzima, na analia. Mimi nikafikiri ananihurumia."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilichoma nguo zake. Nikawakataza watoto wasitaje jina lake. Binti yangu Chelangat alipoolewa kule Sosiot, wakaitisha jina ya baba yake kanisani, nikasema aandikwe yangu." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Nikienda kufungua ndama kule chini, nilikuwa namtukana. Mahali pake pa kazi, unajua. Nilikuwa natukana kila siku, mpaka nikachoka."

Jerusa alishukuru kwa maziwa, akainuka.

*

Kumpata Amondi hakukuwa kazi. Hakuwa amejificha, polisi hawakuwahi kumtafuta, basi. Alikuwa na meza ya dagaa wa omena katika soko la Sondu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jerusa alipomwambia anatoka wapi na anatafuta nini, Amondi aliifunika omena kwa gunia na kumsogezea kigoda.

"Kaa, nyara," alisema, akimaanisha binti yangu kwa Kijaluo. "Hili jambo nimengoja mtu aniulize. Uliza."

"Siku ulipoondoka Ngendui, ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na alama za mshipi mgongoni, na nguo nilizovaa. Seth, mume wangu, alikuwa amenipiga. Nilikuwa peke yangu."

"Bethwel?"

"Nilimjua kwa kumsalimia tu. Siku ile sikumwona hata kidogo."

"Nani alikukatia tiketi?"

"Hakuna. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikagonga, kimya. Halafu Joab akaja mbio kutoka upande wa godauni. Namwambia nataka tiketi, yeye anasema panda tu, panda. Akamwonyesha gadi wa treni taa ya kijani, tukaondoka."

"Alivaa nini?"

Amondi alifikiri. "Ajabu umeuliza hilo. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya, na yeye ana shati tu. Limelowa mpaka linaonyesha mwili. Joab alijipenda sana na lile koti lake. Nikajiuliza, huyu ameliweka wapi?"

Amondi aliendelea mwenyewe. Alipopata habari kwamba watu wanasema ametoroka na mwanamume, alikuwa ameshakaa Kisumu kwa dada yake miezi mingi. Alirudi mara moja tu kuwaona watoto. Seth alimzuia langoni, akamuuliza yule Mkipsigis wake yuko wapi. Watoto walikuwa dirishani, wanasikia.

"Mkubwa wao sasa ni mwalimu," Amondi alisema. "Akipita hapa sokoni, ananunua kwa jirani yangu."

*

Joab alikuwa na shamba dogo la miwa nje kidogo ya Koru, na nyumba safi iliyopakwa chokaa. Walimkuta uani akibambua karanga, mzee mkavu aliyevaa sweta ya kanisa. Alimwona Kiplangat amevaa sare, akaliweka lile sinia chini.

Jerusa alijitambulisha. Alimwambia kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Joab aliitikia kwa kichwa.

"Mzee, mwaka wa sabini na tisa ulimwambia Chepkurui kwamba ulimkatia mumewe tiketi. Jioni ile dirisha lako lilikuwa limefungwa. Ulikuwa unatoka godauni, umelowa, huna koti. Koti tumelipata."

Joab aliangalia mikono yake. Kuku walikuwa wameanza kudonoa karanga, naye hakuwafukuza.

"Liliharibika?" aliuliza.

"Vifungo viko."

Mzee alipoanza kusema, hakuzunguka. Siku ile alikuwa amekunywa. Mtu wa kijiji alikuwa na sherehe, naye alikuwa amekaa kwenye busaa tangu mchana. Treni ya jioni ilipofika, ilibidi iongezewe behewa, na Bethwel aliingia katikati kuunganisha cheni. Joab alimwona akiingia. Kisha akasahau. Akainua bendera ya kijani, na dereva, mbali kule mbele, akarudisha treni nyuma.

"Hakupiga kelele," Joab alisema. "Nilisikia vyuma tu. Dereva akavuta tena mbele, yeye akaanguka upande wangu. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna aliyeona. Nikambeba mpaka godauni."

"Akiwa hai."

"Akiwa hai, binti yangu."

"Na treni bado imesimama pale."

"Bado imesimama."

"Ungempakia kwenye behewa la gadi. Muhoroni kulikuwa na daktari."

"Nilijua." Sauti ya Joab ilikuwa imekauka. "Gadi alipiga filimbi kuuliza kama tuko tayari. Nikafikiri, wakimwona, watanusa pombe. Nitafungwa. Watoto wangu wako shule. Nikafikiri pia kwamba atakufa tu, hata nikimpakia. Hilo nilijiambia. Nikamwonyesha taa."

"Alikufa saa ngapi?"

"Giza lilikuwa limeshaingia kabisa."

Jerusa alinyamaza, akamwacha. Ilikuwa desturi yake. Watu wengi hawauwezi ukimya.

"Sakafu ya mbao ilikuwa imeng'olewa," Joab aliendelea. "Mafundi wa simiti walikuwa waje asubuhi. Udongo ulikuwa laini. Nilipomaliza, nikakumbuka nimemwona Amondi akipanda. Uongo ulikuja wenyewe, umekamilika."

"Alisema kitu kabla hajafa?"

"Aliomba maji, nikampa. Halafu alikuwa anarudia maneno ya kwao. Mimi sikuwa najua Kipsigis vizuri. Lakini niliyasikia mara nyingi sana, siwezi kuyasahau."

"Yaseme."

Mzee aliyasema, kwa ulimi mzito, kama mtoto anayekariri shairi la lugha ya wageni. Kiplangat, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa.

"Anasema nini, koplo?"

"Anauliza kama ng'ombe ameshazaa."

Walimpakia Joab kwenye gari bila pingu. Aliomba tu afunge mlango wa nyumba. Walipofika barabara kuu aliuliza kama Chepkurui yu hai, na Jerusa alipomjibu kwamba yu hai, mzee aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

*

Mchana wa siku iliyofuata Jerusa alirudi Ngendui. Chepkurui alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, mikono mapajani. Hakuwa ameenda kuchuma. Mtu anayeulizwa juu ya vidole vya mumewe, kisha polisi waondoke bila kumwambia sababu, ana muda wa kutosha wa kujua.

"Ni yeye," alisema, kabla Jerusa hajamsalimu.

"Ni yeye, mama."

"Godauni."

"Ndio. Hakwenda popote. Hakukuwa na mwanamke." Jerusa alimweleza yote kwa utaratibu: mabehewa, bendera, pombe, mvua, taa ya kijani. Hakuficha kwamba Bethwel aliishi mpaka giza lilipoingia. Kiplangat alitafsiri pale Kiswahili kiliposhindwa kubeba. Chepkurui alisikiliza akitazama reli kule chini, midomo imebana.

"Alikuwa anauliza kama ng'ombe ameshazaa," Jerusa alimaliza.

Chepkurui alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akasema kitu kwa Kipsigis, na Kiplangat akakitafsiri.

"Anasema alizaa usiku ule ule. Ndama alikuja vibaya, miguu ya nyuma kwanza. Alimvuta peke yake, na huku alikuwa anamlaumu mzee kwa nini anachelewa."

Ukungu ulianza kushuka tena juu ya chai. Jerusa alimweleza kuhusu mahakama, kuhusu ruhusa ya kuzika, kuhusu karatasi atakazohitaji Chelangat. Yalikuwa mambo ya kazi, na aliyasema kwa sababu hakuwa na mengine. Chepkurui hakuonekana kuyasikia.

"Basi Weldon alienda kutafuta nini?" alisema ghafla.

"Weldon ni nani, mama?"

Koplo Kiplangat aliinamisha kichwa. Alikuwa wa pande hizi. Alijua, na hakuwa amesema.

"Kijana yangu. Alimaliza shule, akasema anataka kumwona baba yake, hata kama ni mbaya. Nilimkataza. Akaniuliza tena, akaniuliza tena, mpaka nikasema, haya, nenda Kisumu umtafute, umwambie bado tuko. Mimi ndiye nilimwambia aende." Aligeuka, akamtazama Jerusa usoni kwa mara ya kwanza. "Wiki ile ile vita vya tisini na mbili vikaanza huko chini. Hajarudi. Nilienda kwa polisi, wakasema waliopotea ni wengi."

Jerusa alifikiria kijana akishuka kwenye bonde, akipita stesheni, akipita mlango wa godauni, akiuliza watu njia ya kwenda kumtafuta mtu aliyekuwa chini ya miguu yake.

"Wewe umempata Bethwel," Chepkurui alisema. "Watu walisema ametoroka, wewe umempata. Nitafutie na huyu."

Faili ya Bethwel ilikuwa imekamilika. Dereva alikuwa akingoja barabarani, na Kericho walitaka taarifa mezani kabla ya jioni. Jerusa alivuta kigoda kingine, akakaa, akakisogeza mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Niambie alivaa nini siku alipoondoka," alisema.

Chepkurui alijifuta macho kwa pindo la leso, akaanza na viatu.